Mashine Namba Nne

Kisumu hatuna farasi.
Tulikuwa na baiskeli za boda, na punda wa maji kule Manyatta,
kwa hiyo farasi wa mbao alipofika
hakuna aliyemjua kwa kwato.
Alikuja ndani ya disketi, mfukoni mwa shati la Midigo,
amejifanya mchezo: fuko anachungulia shimoni, unampiga nyundo,
anachungulia shimo jingine.
Tulipiga mpaka vidole vikauma.
Chini yetu fuko wa kweli alikuwa akichimba.

Tisini na tisa. Saiba ya Bwana Rading',
orofani, juu ya duka la spea za baiskeli:
kompyuta sita, shilingi kumi kwa dakika,
modemu ikipiga mluzi kama birika kabla ya kutumiminia dunia.
Nilikaa kaunta na daftari la saa.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa
na mlango ambao hakuna seremala aliyeuranda:
moja, mbili, tatu, nne, tano,
namba ya mtoto anayejifunza kuhesabu.

Kwanza ilikuwa kicheko.
Nabonyeza hapa, trei ya sidii ya mashine namba nne inatoka kule,
yenyewe, kama ulimi wa mtoto mtukutu.
Karani wa reli akairudisha kwa kidole. Ikatoka.
Akairudisha.
Ikatoka.
Akasema humu mna juogi, akaondoka bila chenji.
Jumapili Rading' akaleta mhubiri. Alipaka mafuta skrini, kibodi,
hata waya wa simu,
nami nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Baadaye nikaacha kucheka, na hapo ndipo nilipochafuka.

Alhamisi alikuja Akeyo.
Mumewe, Wasonga, alikuwa Boston, akiosha vyombo vya watu.
Aliandika kwa kidole kimoja; herufi zilinifikia moja moja
kama bomba la Nyalenda siku ya mgao.
*Mtoto ana homa.* Akafuta.
*Mtoto amelazwa Russia, wadi ya pili.* Akafuta.
Akakaa. Dakika nne, shilingi arobaini, bila herufi hata moja.
*Mtoto hajambo. Tutumie picha ya theluji.*
Hiyo ndiyo iliyovuka bahari.
Zile mbili zilibaki kwangu,
duniani kote, kwangu tu.
Deni lake lilikuwa mia na ishirini. Nikampunguzia ishirini.
Akanishukuru.

Midigo akaleta programu nyingine, mpya,
ina vitufe vingi kama dashibodi ya gari la waziri.
Usiku mmoja nimefunga, niko peke yangu, nahesabu sarafu,
trei yangu ikatoka.
Sikuigusa.
Mshale ukatembea polepole juu ya mafaili yangu,
kama mgeni anayekagua nyumba anayotaka kupanga.
Tulikuja kuambiwa fundi wa kufuli hizo, popote alipokuwa,
alizigawa bure
na akajibakizia ufunguo mmoja unaozifungua zote.
Mchimba kisima huingia mwenyewe, naam.
Ila methali haikuniambia
ningemkuta mtu humo tayari, ametulia, ananisogezea nafasi.

Nikang'oa waya ukutani. Asubuhi nikamwambia Rading' ni panya.

Saiba imekuwa duka la mitumba. Midigo anauza saruji Ahero.
Mwezi jana nilikutana na Akeyo pale Jubilee,
ana kijana mrefu anayembebea kikapu.
Nilimtazama yule kijana kupita adabu.
"Wewe si yule wa kompyuta? Hebu nitazamie simu hii, inaniomba nywila."
Nikamwambia aiandike mwenyewe.
"Macho yangu mabovu, bwana, nikutajie."
Nikasema hapana, andika tu, taratibu, sina haraka,
nikageukia lundo la omena,
nikasimama hivyo, mgongo kwake,
mpaka alipomaliza,
na hata baada ya hapo.